Vitufe Arobaini vya Fundi Njue

Kompyuta ilipoletwa studio, mwezi wa tatu mwaka wa tisini na nane, Njue wa Runji alikuwa na miaka hamsini na mbili, na tayari alikuwa amechoka. Hakuwa amechoshwa na kazi ya siku moja. Ulikuwa ule uchovu wa mtu ambaye kwa miaka miwili ameficha jambo, kila siku, kutoka asubuhi hadi jioni, na hajapata hata dakika moja ya kuliweka chini apumzike.

Kazi yake ilikuwa kurekodi watu wakiimba. Kwaya za Embu, za Runyenjes, za Siakago, na hata za kutoka Chuka, zote zilipanda ngazi za lile jengo lililokuwa na duka la mbegu na mbolea chini, zikaingia katika chumba chake ambacho kuta zake zilikuwa zimefunikwa kwa trei za mayai na mablanketi ya kijivu. Alikuwa na mashine ya kanda yenye vifundo na vijiti vya kusukuma, na kwa miaka kumi na tisa aliijua kama mkulima anavyolijua jembe lake. Ungeweza kuzima taa na Njue angeendelea kurekodi. Bwana Munyi, mwenye studio, alikuwa akipenda kuwaambia wageni hivyo, akidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Macho ya Njue yalikuwa yakienda. Yalianza kwenye kingo: akitazama uso wa mtu, anaona pua na mdomo, lakini masikio hayapo. Kisha kingo zikasogea karibu, ikawa kama anachungulia dunia kupitia bomba. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, akampa dawa ya matone, akasema itazuia yaliyobaki yasiende upesi lakini yaliyokwisha kwenda yamekwenda. Njue alimwambia mkewe Tabby, na hakumwambia mtu mwingine. Fundi asiyeona, nani atamwachia kwaya yake?

Na mashine ya kanda ilimfichia siri. Vifundo havihitaji macho. Lakini sasa Munyi alikuwa ameileta kompyuta, na ndani yake programu ya muziki iliyokuja kwa diski, na ile mashine ya zamani ikasukumwa chini ya meza pamoja na nyaya mbovu.

Kwa kompyuta, kila kitu kilikuwa kwenye kioo. Kurekodi, kusimamisha, kurudi nyuma, kukata: vyote vilikuwa vipicha vidogo kama punje za mtama, na ili ukiguse kimoja ilibidi ukiwinde kwa kimshale kilichoendeshwa na ile panya ya mezani. Njue alikuwa akisukuma panya na kukitafuta kimshale kupitia bomba la macho yake, akikiona kinapita kama mdudu, kinapotea. Akikipata, kile kipicha alichokuwa akikitafuta kimepotea. Kufikia saa saba mchana kichwa kilikuwa kinamgonga mpaka meno. Aliwaambia wenye kwaya ni baridi ya mvua, kwa maana mvua za El Nino zilikuwa zimelowesha kila kitu mwaka ule, na watu waliamini.

Aliyemwonyesha njia ni fundi wa Nairobi aliyekuja mwezi wa nne kurekebisha spika. Yule jamaa alikaa kwenye kiti cha Njue, akaanza kufanya kazi, na Njue aliyekuwa amesimama nyuma yake hakusikia panya ikisugua meza hata mara moja. Alisikia vitufe tu, tap, tap-tap, na muziki unaanza, unasimama, unarudi nyuma.

“Hutumii panya?” Njue akamwuliza.

“Panya ni ya watu wenye wakati,” yule jamaa akasema. “Kila kitu iko na njia ya mkato kwa vitufe. Soma kitabu, kurasa za mwisho. Ziko kama arobaini hivi.”

Alipoondoka, Njue alikitoa kitabu kwenye karatasi yake ya nailoni, akafungua kurasa za mwisho. Herufi zilikuwa ndogo kama mchanga. Alisogeza kitabu mpaka kikagusa pua. Aliweza kusoma neno moja, akalipoteza alipotafuta la pili.

Alikaa pale na kile kitabu mapajani. Kupitia ukuta alikuwa akisikia sauti ambayo alikuwa ameichukia kwa miaka kumi na tisa.

Ilikuwa sauti ya mashine za taipu. Chumba kilichofuata kilikuwa shule ya taipu ya mama mmoja wa mtaa wa Majimbo aliyeitwa Kuruthumu, mjane, Mwislamu, mama yake Swaib. Mashine zake kumi na mbili zilikuwa zikipenya ukutani na kuingia katika kila kanda. Njue alikuwa amegonga mlango ule mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, akiwa na hasira, kumwambia anyamazishe wanafunzi wake kwa dakika kumi ili watu wa Mungu wamalize pambio. Naye Kuruthumu alikuwa amemjibu mara nyingi vilevile kwamba wanafunzi wake wana mtihani, na Mungu anasikia hata kukiwa na makelele. Nje ya hapo walisalimiana kwa adabu, kama majirani.

Siku ile alipogonga, Kuruthumu alifungua na kusema kabla hajaulizwa, “Leo huna la kulalamika, Baba Linda. Ni watu watatu tu. Wengine wamekwenda kusoma kompyuta kwa yule wa karibu na benki.”

“Sijakuja kulalamika.”

“Basi kuna nini?”

Njue alikuwa amepanga kusema kwamba miwani yake imevunjika. Alikuwa na uongo mwingi wa namna hiyo, ameuweka tayari. Lakini alikuwa amesimama mlangoni, amechoka, na uongo ulikataa kutoka.

“Mama Swaib, mimi sioni,” akasema. “Naona kidogo tu katikati. Nataka mtu wa kunisomea kitabu.”

Kuruthumu alimwangalia. Akawaambia wale wanafunzi watatu waende wakanywe chai. Kisha akavuta kiti, akamkalisha Njue mbele ya mashine moja ya taipu, nzito, ya chuma.

“Weka mikono hapo,” akasema. “Unajua mimi mwanafunzi akija siku ya kwanza namfanya nini? Namfunika mikono kwa leso, asione vitufe. Wengine wanalia. Mtu wa taipu haangalii mkono wake, macho yanampotezea tu wakati. Wewe umekuja na leso yako tayari.”

Njue akacheka. Alishangaa kusikia kicheko chake mwenyewe. Kilikuwa kimepotea kitambo.

Basi ikawa kila siku saa sita na nusu, studio ikifungwa kwa chakula na Munyi akienda zake, Kuruthumu anaingia na chupa ya chai na kukaa kando ya kompyuta. Siku ya kwanza alipitisha vidole juu ya kibodi, akasimama.

“Subhanallah. Hebu gusa hapa. Herufi ya F, na hii ya J. Kuna kijipele.”

Njue aligusa. Kweli, kwenye vile vitufe viwili kulikuwa na alama ndogo iliyoinuka, kama punje ya chumvi chini ya kidole.

“Miaka ishirini na mbili nafundisha watu kutafuta nyumbani kwa vidole vyao, pale vinapoanzia, bila alama,” Kuruthumu akasema, “na hawa wameweka alama. Mtu angeniambia.” Alisema kama mtu aliyedhulumiwa.

Wakaanza. Kuruthumu alisoma kitabu kwa Kiingereza, polepole, akitafsiri anachoweza. Ule ubao mrefu wa chini ni wa kuanza na kusimamisha. R ni kurekodi. W ni kurudi mwanzo. Ctrl pamoja na Z ni kutangua ulichofanya. Ctrl na S, kuhifadhi. Ctrl na X, kukata. Mishale ya juu na chini inakuhamisha kutoka mstari mmoja hadi mwingine, maana kwenye ile programu kila chombo na kila sauti ilikuwa na mstari wake: ngoma juu, besi chini yake, kinanda, kisha waimbaji. Maneno mengine hawakuyaelewa wote wawili. Walipofika kwa hayo walibonyeza tu, wakasikiliza kilichotokea, na mara nyingi hakikutokea kitu, na mara moja kompyuta iliganda mpaka wakaizima.

Vidole vya Njue vilikuwa vigumu. Vilikuwa vya mtu aliyechuma kahawa utotoni na kushika jembe kila Jumamosi shambani kwake huko Manyatta. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho kilitakiwa kukaa kwenye Ctrl, kilikuwa hakijawahi kufanya kazi yoyote maishani mwake, na kilikataa kuanza sasa. Leo anajua kumi na mbili, kesho amebaki na saba. Aliporudi nyumbani jioni alikuwa akivirudia moyoni njia nzima, na Tabby alimwona akigonga meza kwa vidole wakati wa kuombea chakula.

“Baba Linda, unaomba ama unafanya nini?”

“Nafanya zote mbili.”

“Maliza moja,” Tabby akasema, “githeri inapoa.”

Kulikuwa na siku alizotaka kuacha. Siku moja ya mwezi wa sita alikosea kitufe kimoja mara tisa mfululizo, akavua zile spika za masikioni, akaziweka mezani.

“Mama Swaib, mimi ni mzee. Hii kitu ni ya vijana.”

Kuruthumu hakumbembeleza. Alikuwa amemimina chai, akawa anaipuliza. “Mimi asubuhi hii nimebaki na mwanafunzi mmoja,” akasema. “Nimemfunika mikono kwa leso, akaniuliza, mwalimu, ya nini, si siku hizi kuna kompyuta? Sikumjibu. Nilikosa cha kumjibu.” Akanywa. “Wewe ndiye mwanafunzi wangu mwingine. Kwa hiyo rudisha mkono.”

Akarudisha mkono.

Kuna jambo moja Kuruthumu alilomkazania kuliko mengine yote. Kwa kuwa hakuona mstari gani umeteuliwa, ilimbidi ahesabu mishale: chini mara moja, mara mbili, mara tatu. Na kuhesabu kunapotea. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, Kuruthumu alisema, bonyeza kitufe cha kusikia mstari ule peke yake, usikilize ni sauti ya nani, ndipo ufute. “Sikiliza kwanza, ndipo ufute.” Alimfanya alirudie mpaka Njue akalisema usingizini, au ndivyo Tabby alivyodai.

Kufikia mwezi wa nane vitufe vyote arobaini vilikuwa vimekaa vidoleni. Munyi aliingia siku moja akamkuta anafanya kazi, panya imesukumwa mwisho wa meza ikiwa na vumbi mgongoni.

“Njue, umekuwa hatari,” akasema.

Njue hakugeuka. Alifurahi, lakini furaha yenyewe ilimchosha, kwa maana ilikuwa imejengwa juu ya lile jambo analoficha. Kuona kwake kulikuwa kumepungua tena. Kioo cha kompyuta kwake sasa kilikuwa mwanga tu wa buluu.

Mwezi wa kumi ilikuja kwaya ya akina mama kutoka Manyatta, watu kumi na wanane, pamoja na mwalimu wao Mwirigi, kijana mwembamba mwenye haraka. Mwimbaji wao wa mbele alikuwa Phyllis, mama wa miaka sitini na kitu, mdogo wa mwili, aliyesimama mbele ya maikrofoni na mkoba wake ameushika kwa mikono miwili kana kwamba yuko kwenye foleni ya zahanati. Walirekodi siku mbili. Siku ya pili ilibaki sauti ya Phyllis kwenye wimbo mmoja, ambao alikuwa ameutunga mwenyewe baada ya kumzika bintiye.

Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili alisahau ubeti. Mara ya tatu alifika katikati akanyamaza tu, na Njue akabonyeza kusimamisha bila kuuliza, akasubiri. Mara ya nne aliimba.

Njue alikuwa amesikia watu wengi wakiimba. Wengi huimba wakijua wanasikilizwa. Phyllis aliimba kama mtu anayeongea na mwingine katika chumba cha pili, ambaye hana hakika kama bado yumo. Sauti haikuwa kubwa. Kwenye ubeti wa mwisho ilipasuka kidogo, pale pale ilipotakiwa kupasuka, ikajishika, ikamaliza.

Phyllis akaweka mkoba begani. “Hiyo imetoka,” akasema. “Sasa nimechoka. Naenda kukaa chini.”

Ilikuwa yapata saa kumi alasiri. Njue alikuwa kwenye kile kiti tangu saa mbili asubuhi. Kilichobaki kilikuwa kidogo: kufuta mstari wa saba, ambako kulikuwa na jaribio baya la kwaya, kisha kuhifadhi. Sauti ya Phyllis ilikuwa mstari wa sita. Akaanza kuhesabu mishale kutoka juu. Moja, mbili, tatu, nne.

“Fundi,” Mwirigi akasema mlangoni, “tunaweza kuenda? Gari ya kanisa imefika.”

“Enda tu, mwalimu. Nimemaliza,” Njue akasema, na akaendelea kushuka.

Alijua. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba alijua. Kidole kilikuwa juu ya kile kitufe cha kusikiliza, na mwili wote ukasema, ah, achana nayo, ni saba. Akafuta. Akabonyeza Ctrl na S, kuhifadhi, kwa mazoea tu. Kisha akasema asikilize Phyllis mara moja kabla ya kufunga, kwa raha yake mwenyewe. Akabonyeza ule ubao mrefu.

Ngoma zikaja, besi ikaja, kwaya ikaja. Phyllis hakuja.

Hakushtuka sana mwanzoni, kwa maana kulikuwa na Ctrl na Z. Alishusha kidole cha mwisho, akatafuta Z, na kabla hajaibonyeza feni ya kompyuta ikashuka sauti kama mtu anayeshusha pumzi, na ule mwanga wa buluu ukapotea. Chini, kwenye duka la mbegu, mtu akapiga kelele, “Stima imepotea!”

Njue alibaki na vidole palepale. Programu ile haikukumbuka ulichokifuta ukishaizima. Hilo Kuruthumu alikuwa amelisoma kitabuni, mwezi wa tano, na wote wawili walikuwa wamelielewa vizuri sana.

Umeme uliporudi baada ya saa moja, aliifungua kazi, akasikiliza mistari yote mmoja mmoja. Mstari wa saba ulikuwa upo, lile jaribio baya. Wa sita ulikuwa kimya. Alisikiliza kile kimya kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Kesho yake aliomba Munyi awapigie watu wa Manyatta, na alasiri wakaja Phyllis na Mwirigi peke yao. Njue aliwakalisha. Kuruthumu alikuja pia, akasimama karibu na mlango, ingawa hakuna aliyemwita.

“Mama Phyllis,” Njue akasema, “ule wimbo wako nimeufuta. Si mashine. Ni mimi. Nilitakiwa kusikiliza kabla sijafuta, na sikusikiliza kwa sababu nilikuwa nimechoka. Na nilitakiwa kusikiliza kwa sababu sioni. Mimi ni kipofu karibu kabisa. Hakuna mtu hapa anajua, ila Mama Swaib.”

Mwirigi alianza kusema kitu kuhusu gari na kanisa na siku mbili nzima. Phyllis akamzuia kwa kumgusa mkono.

“Munyi,” Njue akaendelea, “wewe ungeniambia niondoke ningeelewa.”

Munyi alikuwa amekaa pembeni ya meza. Alikuna shavu. “Njue, tangu Aprili unamimina chai kando ya kikombe. Nimekuwa nikipangusa hiyo meza mimi mwenyewe kila jioni. Nilikuwa nangoja uniambie.”

“Kwa nini hukusema?”

“Kazi ilikuwa inatoka. Halafu sikujua nitasemaje.”

Njue alihisi kitu fulani kikishuka mabegani, lakini hakikuwa nafuu aliyoitarajia. Ilikuwa kama kutua gunia na kugundua kwamba mgongo umekwisha kupinda.

Phyllis ndiye aliyesema. “Nitaimba tena,” akasema. “Sauti ni yangu, iko hapa. Lakini ile ya jana haitarudi, na mtu asiniambie itarudi.”

“Sitakuambia, mama,” Njue akasema.

Akaimba. Aliimba vizuri, mara moja tu, bila kukosea. Beti zote zilikuwapo. Kwenye ubeti wa mwisho sauti haikupasuka. Kanda ilitoka mwezi wa kumi na mbili, ikanunuliwa Embu, ikafika mpaka mji wa Maua, na watu walimsimamisha Phyllis sokoni kumshika mkono. Walisema hawajasikia wimbo kama ule. Njue alipousikia ukilia kwenye maduka alikuwa akitembea taratibu mpaka ubeti wa mwisho upite, kisha anaharakisha.

Mambo ya studio yakapangwa upya. Kuruthumu alifunga shule yake mwezi wa kwanza wa tisini na tisa. Mwanafunzi wa mwisho alikuwa ameondoka kabla ya Krismasi. Aliuza mashine kumi na moja kwa mtu wa vyuma vikuukuu, akaingia kwa Munyi na kusema, bila kuzunguka, kwamba Njue anahitaji mtu wa kumsomea kioo na yeye anahitaji kazi. Munyi akamwambia alete kiti.

Ikawa hivyo. Njue anasikiliza na vidole vinafanya, Kuruthumu anatazama na kusema, “Uko mstari wa tano. Wa sita. Ndiyo huo.” Kwaya zilizoea. Kulikuwa na mchungaji mmoja wa Runyenjes aliyeuliza kama huyu mama wa Kiislamu atakaa humo ndani wakati wa maombi, na Kuruthumu akamjibu kwamba amekuwa akiyasikia maombi yao kupitia ukuta tangu mwaka wa sabini na tisa, hakuna jipya humo. Mchungaji akacheka, akaendelea.

Kazi ilikwenda hivyo miezi mitano, na haikuwa mibaya. Kisha mwezi wa sita Munyi alirudi kutoka Nairobi na sanduku mkononi.

“Programu mpya,” akasema. “Ile ya zamani haiwezi kufungua kazi za watu wa Nairobi tena. Lazima tubadilishe.”

Wakaiweka. Njue akakaa, akatafuta vijipele vya F na J, akabonyeza W arudi mwanzo wa wimbo. Hakikutokea kitu. Akabonyeza tena.

“Mama Swaib, hebu angalia.”

Kuruthumu alifungua kitabu kipya, kinene kuliko cha kwanza, akapekua kurasa za mwisho. Njue alisikia karatasi zikigeuzwa, mbele na nyuma.

“Wamehamisha,” akasema mwishowe.

“Nini?”

“Vitu. Kurudi mwanzo ni kitufe kingine sasa. Kurekodi pia. Hii ya kusikia mstari mmoja...” Akapekua. “Nusu yake, Baba Linda. Kama nusu yake wamehamisha.”

Njue aliegemeza paji la uso juu ya kibodi, na vitufe vikabonyea vyote pamoja, na kompyuta ikapiga kelele moja ndefu ya kulalamika. Hakuinua kichwa. Kuruthumu alimwacha. Kelele ilipoendelea sana akanyoosha mkono, akamwinua kichwa kidogo kwa kumshika begani, akavuta ile kibodi ikatoka, akamrudisha kichwa mezani palepale.

“Lala kidogo,” akasema. “Wale wa Siakago wanakuja saa nane.”

Alijifunza tena, kwa kiasi. Alijifunza vile vya lazima, kama ishirini na sita hivi, akaviacha vingine. Lakini vidole vyake sasa vilikuwa na vichwa viwili: cha zamani kilikuwa kinatangulia, na kipya kinakuja nyuma kukisahihisha. Akichoka, cha zamani kinashinda. Mara kwa mara Kuruthumu alinyoosha mkono na kubonyeza yeye, haraka, na kazi ikaendelea. Mwanzoni Njue alikuwa akisema asante. Baadaye aliacha kusema. Baadaye zaidi aligundua kwamba amekaa alasiri nzima akisikiliza na kusema “shusha besi” na “rudi hapo nyuma kidogo,” na mikono yake iko mapajani.

Hakukasirika. Alishangaa kwamba hakukasirika. Yule mama alikuwa na vidole vya miaka ishirini na mitatu. Programu ikibadilishwa kesho, atakuwa ameijua kabla ya wiki kwisha. Na sikio lake lilikuwa limeanza kukomaa. Siku moja alisema, “Huyu wa tatu kutoka kushoto anaimba chini kidogo ya wenzake,” na ilikuwa kweli, na Njue alikuwa bado hajasema.

Mwezi wa kumi na moja alimwambia Munyi kwamba mwisho wa mwaka ataacha kazi arudi shambani Manyatta. Munyi alisema maneno ya kumzuia, kwa heshima, lakini hakuyasema mara mbili. Siku ya mwisho walikunywa soda na kula maandazi, na akina mama wa kwaya moja iliyokuwapo siku hiyo wakaimba, na Kuruthumu akaandika kazi ya kesho kwenye daftari kwa mwandiko wake wa mwalimu.

“Utakuja kunisikilizia?” akamwuliza Njue mlangoni. “Mara mojamoja. Nikiwa sina hakika.”

“Utakuwa na hakika.”

“Nakuuliza kama utakuja.”

“Nitakuja,” Njue akasema.

Tabby alimngoja chini, akamshika kiwiko, wakatembea polepole mpaka kwenye gari la Manyatta. Njiani alimwuliza kama amesikitika. Njue alifikiri juu ya swali hilo, akatafuta jibu, na alichokikuta ndani yake kilikuwa usingizi tu.

Kesho yake jogoo waliwika, watu wakaenda kwenye kahawa, jirani akaja kuazima debe na kuondoka. Jua likafika katikati ya uwanja. Njue alikuwa bado amelala, mikono yote miwili imefunguka juu ya blanketi, haigongi kitu. Tabby alichungulia mlangoni mara mbili, akamsikia akikoroma taratibu. Hakumwamsha.